Waokoaji wa Marekani na Jeraha Lisilohesabiwa

Alipokufa kazini askari wa zimamoto au wa polisi katika mji wowote wa Marekani kabla ya mwaka 1976, mjane wake na mayatima walitegemea mji au jimbo alilolitumikia marehemu, na hisani ya wenzake. Na hata mwaka ule, Bunge la Washington lilipopitisha sheria ya kuwalipa wafiwa dola 50,000, fadhila ambayo wahudumu wa magari ya wagonjwa waliingojea hadi 1986, mlikuwamo ndani yake kifungu kilichomtenga kila aliyejitoa roho, kwa hoja kwamba huyo aliuawa na kusudio lake wala si na kazi yake. Hoja hiyo ilipatana na mila ya vituo vyenyewe, ambamo ushujaa ulipimwa kwa kunyamaza, na aliyebeba maiti ya mtoto asubuhi alitarajiwa jioni ale na kucheka pamoja na wenzake, na kesho arudi zamu bila ya kulitaja jambo lile.

Waliofungua mlango ni askari wa vita. Madai ya waliorudi kutoka Vietnam yalichangia kuwafanya madaktari wa akili wa Marekani, mwaka 1980, waliingize katika orodha yao rasmi ya maradhi lile tatizo linalomwandama mtu baada ya kiwewe: ndoto za kutisha, kukosa usingizi, kushtuka kwa kishindo kidogo, na kukwepa kila kinachokumbusha tukio. Miaka mitatu baadaye Jeffrey Mitchell, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa askari wa zimamoto na mhudumu wa dharura, alitangaza utaratibu wa kuwakusanya waokoaji siku moja hadi tatu baada ya msiba, mbele ya mtaalamu wa nafsi na wenzao wa kazi, wazungumze hatua kwa hatua, wakianzia kwa yale waliyoyaona na kufikia yale waliyoyahisi, ndipo wafundishwe dalili za dhiki na kurejeshwa kazini. Ukaenea upesi mno, na nadhani sababu mojawapo ni kwamba uliwapa wakuu wa vituo jambo la kufanya, tena lenye mwisho. Tafiti zilizokusanywa na kupimwa pamoja hadi 2002 hazikuonyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo humkinga mtu na maradhi hayo, na baadhi zilidokeza kwamba huweza kumzidishia. Lakini haki ya Mitchell isipotee: kwa utaratibu wake, waliovaa sare walianza kumsikia mwenzao wa sare akikiri kwamba anaumia.

Minara ya New York ilipoporomoka kwa mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, idara ya zimamoto ya mji huo ilipoteza watu 343, na waliosalia wakafukua vifusi kwa miezi wakitafuta miili ya ndugu zao. Idara ilikuwa na kitengo chake cha ushauri tangu zamani, ila si kila askari aliyekuwa radhi kuonekana akiingia mlangoni mwake. Basi wataalamu wakapelekwa vituoni, wakaketi jikoni, ambapo ndipo baraza la kila kituo cha zimamoto, wakazoeleka kwanza, hata waliokuwa wakikaa kimya wakaanza kusema.

Sheria ilikwenda kwa mwendo wake. Mwaka 2003 ilikubali kwamba moyo uliosimama ndani ya saa 24 baada ya kazi ya sulubu ni kifo cha kazini, na kwa hivyo moyo ukapewa haki ambayo nafsi iliendelea kunyimwa kwa takriban miaka 20 zaidi. Ilibidi wafe kwanza, kwa mikono yao wenyewe, baadhi ya polisi waliolilinda jengo la Bunge hilohilo lilipovamiwa tarehe 6 Januari 2021, ndipo kifungu cha 1976 kikalegezwa, Agosti 2022. Hata hapo sheria haikuacha kuhesabu siku: aliyejiua ndani ya siku 45 baada ya tukio la kiwewe huchukuliwa kuwa amekufa kazini, ilhali mjane ambaye mumewe alistahimili zaidi ya hapo hutakiwa alete ushahidi.