Roketi Ndogo na Gharama ya Kanuni Zake

Wahenga walisema ajali haina kinga. Nathubutu kusema kwamba historia ya roketi ndogo, zile zirushwazo na watu wa kawaida siku ya mapumziko, yatuonyesha upande wa pili wa msemo huo: ajali nyingi zina kinga, ila mara nyingi kinga yenyewe hupatikana baada ya watu kuumia. Mhariri ameniomba niandike juu ya jambo linalonishughulisha huku Marekani niliko. Kwa sasa ninajiandaa kurusha roketi yangu ya kwanza ya daraja la kati, na katika kujiandaa nimeona kwamba karibu kila mstari wa orodha ya maandalizi una historia nyuma yake. Ndiyo ninayotaka kuwasimulia, wenzangu wa zamani, na hasa ninyi wadogo zetu mnaokalia madawati yetu leo.

Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik, chombo cha kwanza cha binadamu kuizunguka dunia. Hata kabla ya siku hiyo walikuwapo vijana wa Kimarekani waliojaribu kujitengenezea roketi. Baada yake wakaongezeka sana. Walichukua vipande vya bomba la chuma, wakavijaza kemikali walizochanganya wenyewe jikoni au katika banda la nyuma ya nyumba, kisha wakawasha utambi na kukimbia. Lakini bomba la chuma lililojazwa baruti halina tofauti kubwa na bomu. Likipasuka, chuma chake huwa vipande vinavyoruka kila upande. Wako waliopoteza vidole, wako waliopoteza macho, na wako waliopoteza uhai. Hawakuwa watoto wahuni. Wengi wao walikuwa wanafunzi wenye bidii, waliopenda sayansi kuliko walivyoifahamu.

Dawa ya balaa hilo haikutoka katika maabara kubwa. Ilitoka katika mji mdogo wa Norfolk, jimbo la Nebraska, kwa mwuza viatu aitwaye Orville Carlisle. Mtu huyu alikuwa mpenzi wa fataki, na ndugu yake Robert alikuwa mpenzi wa ndege ndogo za mfano. Robert alihitaji kitu cha kuwaonyesha wasikilizaji wake jinsi roketi ifanyavyo kazi, na mwaka 1954 Orville akamtengenezea. Mwili wa roketi hiyo ulikuwa wa karatasi ngumu na mbao nyepesi, bila chuma. Injini yake ilikuwa kijibomba cha karatasi kilichojazwa baruti tayari, kikatumika mara moja na kutupwa. Baruti ikiisha, mlipuko mdogo ulisukuma nje parachuti, na roketi ikarudi chini salama ili iwekewe injini nyingine.

Mwaka 1957 Carlisle alisoma maandishi ya Harry Stine, aliyefanya kazi ya usalama katika uwanja wa makombora wa White Sands, jimbo la New Mexico. Stine alikuwa ameonya juu ya hatari ya vijana kujitengenezea injini. Carlisle akamwandikia barua na kumpelekea mifano yake. Stine aliirusha, akaridhika, kisha akafanya jambo ambalo kwa maoni yangu lina thamani kuliko roketi yenyewe: alizichukua taratibu za uwanja wa makombora ya jeshi na kuzigeuza kuwa kanuni chache ambazo mtoto wa shule aweza kuzifuata. Vernon Estes, kijana wa Denver ambaye jamaa zake walikuwa watengenezaji wa fataki, naye akaunda mashine ya kushindilia baruti katika injini hizo kwa kipimo kile kile kila mara. Tangu hapo kijana hakuwa na sababu ya kuchanganya kemikali kwa mkono wake.

Injini hizo hupangwa kwa herufi, na kila herufi ina kikomo mara mbili ya ile iliyotangulia. Kikomo cha A ni nyutoni-sekunde 2.5, cha B ni 5, cha C ni 10, na kuendelea hivyo hadi G yenye 160. Hesabuni wenyewe: G yaweza kuwa na nguvu mara 64 ya A. Daraja la kati ni E, F na G. Kuanzia H, hapa Marekani mtu hudaiwa cheti. Nyingi za injini za daraja la kati hazitumii baruti nyeusi, bali chumvi iitwayo amoniamu pakloreti iliyochanganywa na mpira. Kwa hiyo mapezi ya roketi yangu ni ya plaiwudi.

Maandalizi yangu yalianza kwa kalamu kabla ya gundi. Roketi ikiwa na injini ndani ina gramu 700, yaani uzito wa nyutoni 7 hivi. Kanuni inayofuatwa na wengi yataka msukumo usiopungua mara tano ya uzito. Injini yangu ya F inatoa nyutoni 50 kwa wastani. Nikitoa 7 katika 50 hubaki 43, na nikigawanya kwa kilo 0.7 napata mchapuko wa mita 61 kwa sekunde, kila sekunde. Fimbo ya kuiongoza roketi ina urefu wa mita 1.8. Mwanafunzi wa fizikia ataona kwamba roketi itaiacha fimbo kwa mwendo wa karibu mita 15 kwa sekunde. Mwendo huo watosha mapezi kushika hewa. Ungekuwa mdogo sana, upepo ungeigeuza roketi na kuipeleka kwa watazamaji.

Jambo la pili ni mizani. Kitovu cha uzito hakina budi kuwa mbele ya kitovu cha kani ya hewa, angalau kwa kiasi cha upana wa roketi. Zamani watu walikata umbo la roketi katika karatasi ngumu na kulipimia ncha ya kidole. Mwaka 1966 James Barrowman, mhandisi wa NASA, aliwapa wapenzi wa roketi ndogo milinganyo ya kukitafuta kitovu hicho kwa hesabu, na ndiyo niliyoitumia.

Yaliyobaki ni ya uwanjani. Upepo usizidi kilomita 32 kwa saa. Watu wasimame umbali usiopungua mita 9. Kuwasha ni kwa umeme tu, na ufunguo wa swichi hubaki mfukoni mwa mrushaji mpaka kila mtu awe mbali. Roketi ikikataa kuwaka, ufunguo hutolewa, na hakuna anayeisogelea kabla ya sekunde 60. Sekunde hizo waweza kuziona nyingi. Lakini ziliwekwa kwa sababu moto uliochelewa si moto uliozimika.

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya Wamarekani peke yao. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani, na ikapewa jina la Uhuru, neno la lugha yetu. Roketi iliyoibeba, Scout, ilikuwa ya hatua nne, zote za mafuta yabisi. Kwa asili yake, basi, ni ndugu mkubwa wa hii iliyo mezani pangu.

Nanyi mlioko shuleni, nawaomba msianze kwa baruti. Kuichanganya ni hatari, na sheria huisimamia. Anzeni kwa chupa ya plastiki, maji na pampu ya baiskeli, mwalimu akiwapo. Pimeni, andikeni, rusheni, kisha pimeni tena. Asiyeichoka kazi hiyo ndiye atakayeaminiwa siku moja na roketi kubwa. Vijana wa 1957 hawakupungukiwa na akili wala ujasiri. Walikosa orodha ya maandalizi, na ninyi mnayo kwa sababu wao waliumia.