Shughuli za nje ya darasa Tandale

Shughuli za nje ya darasa, yaani michezo, skauti, kwaya, ngoma na midahalo, haziwafikii kwa usawa wanafunzi wa Tandale, kata ya Wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam. Elimu bila ada, iliyoanza 2016, haikugusa jezi, viatu vya mpira wala nauli ya daladala. Hayo humwangukia mzazi. Nyumba zimebanana, viwanja ni haba, na watoto hucheza chandimu vichochoroni kwa mpira wa makaratasi uliofungwa kamba. Msichana hunyimwa zaidi: akitoka shule husubiriwa na vyombo, maji na wadogo zake. Kwa upande mwingine, baadhi ya shule za kulipia hufundisha hata kuogelea. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari huibua vipaji, lakini huchukua wachache waliokwisha kung'ara.