Maandalizi ya Safari ya Masomo ya Ng'ambo: Mfano wa Kenyenya na Nchi ya Gusii

Historia ya wanafunzi wa Kenya waliokwenda kusoma ng'ambo kabla ya uhuru imezoeleka kuanzia uwanja wa ndege. Tunasimuliwa habari za Tom Mboya, za ndege iliyoondoka Nairobi mwezi wa Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81, na za fedha zilizochangwa huko Marekani. Habari hizo ni za kweli, ila zinashika mkia wa jambo na kuuacha mwanzo wake. Kabla mwanafunzi hajaiona Nairobi, alikuwa amekwisha kuandaliwa nyumbani. Makala haya yanakusudia kuyatazama maandalizi hayo kutoka upande wa kijiji, tukiichukua Kenyenya, katika nchi ya Bomachoge kusini mwa Gusii, na kuuliza ni nani hasa aliyeyagharimia.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi mlango wa elimu ya juu ulivyokuwa mwembamba. Katika miaka ya 1950 shahada katika Afrika Mashariki zilipatikana Makerere, nazo zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Royal Technical College ya Nairobi ilifunguliwa 1956 tu. Kijana wa Bomachoge aliyepitia shule za misheni, kisha akabahatika kuingia shule ya serikali ya Kisii iliyoanzishwa 1934, aliweza kufaulu mtihani wa Cambridge na hata hivyo akakosa nafasi. Baadhi ya Waadventista, ambao misheni yao ya Kamagambo haikuwa mbali na Kenyenya, walivuka mpaka kwenda Bugema, Uganda. Wengine walitupa macho mbali zaidi. Mifano haikukosekana: Lawrence Sagini alisoma Allegheny College, Pennsylvania, akarudi, na mnamo 1961 akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Baadaye Zachary Onyonka alirudi na shahada ya uzamivu ya uchumi kutoka Syracuse, akafundisha Nairobi, na 1969 akachaguliwa kuwa mbunge.

Mboya, Julius Kiano na Kariuki Njiiri walishughulikia uteuzi wa wanafunzi wa ndege zile, na mwaka 1960 mfuko wa ukoo wa Kennedy ulitoa dola 100,000. Hata hivyo, msaada huo ulihusu zaidi nauli, na ufadhili wa vyuo mara nyingi haukutosheleza. Palibaki ada, mavazi ya baridi, nauli ya kufika Nairobi na fedha za matumizi. Hapo ndipo kijiji kilipoingia.

Wagusii walikuwa na desturi ya kazi za ujima. Risaga lilikuwa kundi la majirani waliokusanyika kumlimia au kumvunia mmoja wao, naye akawaandalia pombe na chakula. Egesangio lilikuwa kundi dogo zaidi lililolima kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Michango ya safari ya masomo ilifuata mantiki hiyo hiyo, isipokuwa kwamba badala ya jembe watu walileta shilingi. Shilingi hizo zilitoka katika kahawa, iliyoanza kulimwa na Wagusii katika miaka ya 1930, na katika pareto na chai zilizoenea baadaye. Basi, Kenyatta alipoifanya Harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963, hakuwafundisha watu wa Kenyenya jambo geni. Aliliita kwa jina jipya.

Lakini ujima una masharti. Aliyelimiwa leo hana budi kulima kesho. Ni nani angerudisha jembe la mtu aliyekuwa Pennsylvania? Deni hilo halikuandikwa popote, na wala halikuwaangukia wote kwa usawa. Kwa mila ya Gusii, ng'ombe wa mahari waliotolewa kwa ajili ya binti walitumiwa kumwoza kaka yake. Kaka na dada walifungamanishwa na ng'ombe hao. Ada ilipoingia nyumbani, ng'ombe hao hao waliweza kuuzwa ili kaka asome. Kwa hiyo ndoa ya dada, ambaye mara nyingi yeye mwenyewe hakupelekwa mbali na shule ya msingi, iliweza kuwa ndiyo iliyomfungulia kaka njia ya ng'ambo. Jina lake halimo katika orodha yoyote ya wafadhili.

Upande wa lugha nao unastahili kutajwa. Maandalizi haya yalifanywa kwa lugha tatu. Mchango uliombwa na baraka zikatolewa kwa Ekegusii. Mzazi alipofika ofisini Kisii kutafuta hati, mbele ya karani wa kabila jingine, alijieleza kwa Kiswahili, hata kama ni cha kuokoteza. Barua ya chuo ilikuja kwa Kiingereza, na mara nyingi aliyeweza kuisoma nyumbani ni yule yule anayeondoka. Mzazi aliyetoa mali yake alilazimika kumwamini mwanawe kwamba barua ilisema hivyo.

Leo mambo yamegeuka. Chuo Kikuu cha Kisii kilipata hati yake 2013, hivyo anayetafuta shahada hana lazima ya kuvuka bahari. Hata hivyo safari hazikukoma. Wagusii wengi wameweka makao Minnesota, na familia zingali zikiuza ardhi ili kijana aende. Tofauti ni kwamba ng'ombe huzaa, lakini katika nchi yenye msongamano kama Gusii shamba lililouzwa halirudi. Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana wakidai fedha walizolipa kwa ajili ya masomo ya Finland na Kanada. Wao pia walikuwa wameamini karatasi.

Kwa kumalizia, mwanahistoria atakayeandika upya habari za ndege za 1959 na 1960 hana budi kuanzia shambani na zizini. Wazee waliochanga, na dada walioolewa miaka ile, wanazidi kupungua, na ushahidi wao umo katika Ekegusii, si katika majalada. Kazi ya kuukusanya ni ya idara za lugha kama ilivyo ya idara za historia, nayo haiwezi kungoja.