Wi-Fi Inashika Sebuleni Lakini Kwa Bedroo Inakulenga? Soma Hii Kabla Ununue Meshi

Kila mwezi unalipa intaneti bila kuchelewa. Lakini ukitoka tu sebuleni, mistari ya Wi-Fi kwa simu inapungua kama doo ya mwisho wa mwezi ukishalipa landi. Ukifika bedroo, video inazunguka tu, na intavyuu ya kazi kwa Zoom inakatika ukijibu swali la kwanza. Wasee wengi wakifika hapo huongeza kifurushi. Noma ni kwamba kifurushi kikubwa hakipenyi ukuta, na doo yako inaenda hivyo.

Pima kwanza, hii ni bure

Simama mita moja au mbili kutoka kwa rauta, fungua Fast.com ama Speedtest, na uandike namba unayopata. Kisha enda bedroo, funga mlango, upime tena. Tuseme unalipia 20 Mbps. Ukipata 19 karibu na rauta na 2 kwa bedroo, shida yako ni Wi-Fi kutofika. Hapo meshi inaweza kukusaidia. Lakini ukipata 4 hata ukiwa umesimama kando ya rauta, shida iko kwa laini ama kwa kampuni, so wapigie. Meshi haiongezi kasi unayolipia, inaisambaza tu kwa keja.

Mbona inakwama kwa ukuta?

Rauta nyingi hutumia masafa mawili. 5 GHz iko na mbio lakini inachoka haraka ikipatana na ukuta, na keja zetu nyingi ni za mawe na zege. 2.4 GHz inafika mbali kiasi, lakini iko polepole na imejaa. Ndani yake kuna chaneli tatu tu ambazo haziingiliani: 1, 6 na 11. Ukiishi kwa ploti kubwa Pipeline ama Roysambu, rauta za majirani wote zinang'ang'ania hizo tatu. Hata maikrowevu ikiwaka inapiga kelele hapo hapo.

Kwa hivyo kabla utoe hata bob, hamisha rauta. Fundi aliiacha nyuma ya TV kwa sababu waya uliingilia hapo, si kwa sababu ndipo pazuri. Iweke juu, mahali wazi, karibu na katikati ya nyumba, mbali na friji, kioo kikubwa na tangi la maji. Lakini usivute wala kukunja waya wa faiba, huo huvunjika ndani. Mwambie fundi akuongezee.

Meshi ni nini hasa?

Ni seti ya vifaa viwili ama vitatu vinavyofanya kazi kama timu. Kimoja kinachomekwa kwa rauta, vingine unaviweka kwa vyumba. Jina la Wi-Fi ni moja, paswedi ni moja, na ukitembea simu inahamia kifaa kilicho karibu.

Ripita ya bei rahisi ni stori ingine. Nyingi hupokea na kutuma kwa masafa yale yale, so kasi hukatika karibu nusu. Meshi ya bendi mbili pia hugawana njia, lakini ya bendi tatu inaweza kutenga moja ya vifaa kuongea vyenyewe. Iliyo bomba zaidi ni kuunganisha vifaa na waya wa Ethernet, ambao unaweza kufika mita 100 bila shida.

Mahali pa kuweka ndio kila kitu

Hapa ndipo wengi huchapwa. Wananunua meshi, wanaweka kifaa cha pili kwa ile kona Wi-Fi imekufa, halafu wanasema ni feki. Kifaa ni kama jerikeni, hakiwezi kumwaga maji hakijachota. Kiweke katikati ya safari, pale Wi-Fi bado iko fiti, kama koridoni nje ya bedroo.

Kwa bedsita huhitaji meshi, hamisha tu rauta. Nyumba ya vyumba viwili ama vitatu, vifaa viwili mara nyingi vinatosha. Ukiwa kwa nyumba ya ghorofa, weka kimoja kila floo, karibu na ngazi.

Ukimaliza, fungua apu yake na uchague setingi inaitwa Access Point. Bila hiyo, rauta mbili zinagawa anwani kwa nyumba moja, na gemu za mtandaoni zinaanza kusumbua. Kisha zima Wi-Fi ya rauta ya zamani, simu isiing'ang'anie.

Ukienda sokoni, kaa rada

1. Kampuni tofauti mara nyingi haziongei. Ukitaka kuchanganya, tafuta vilivyo na alama ya EasyMesh, mpango ulioanzishwa na Wi-Fi Alliance mwaka wa 2018.

2. Kama kifurushi chako kinapita 100 Mbps, hakikisha matundu ya waya ni ya gigabiti.

3. Ukinunua mitumba, muuzaji akiondoe kwa akaunti yake mbele yako, na ukiwashe kabla ya kulipa. Vingine vikibaki kwa akaunti ya mwenyewe, havikubali mtu mwingine.

4. Soma adapta. Inafaa iandikwe 100–240V. Ya 110V peke yake itaungua kwa stima yetu ya 240V.

5. Stima ikipotea, kila kifaa kinazima. Kama kazi yako iko onlaini, panga bajeti ya UPS ndogo ya rauta na kile kisanduku cha faiba.

Leo jioni, watu wa ploti wakiwa wamerudi na mtandao umejaa, pima zile namba mbili. Zikikaribiana, weka doo yako mfukoni.