Bunju: Samaki ambaye sumu yake hupanda msimu wa kutaga mayai

Bunju anajulikana kwa kujivimbisha kama puto akitishwa. Hatari yake kubwa lakini iko tumboni: ini na mayai yake hubeba tetrodotoksini, sumu inayokata mawasiliano kati ya neva na misuli. Haitengenezi mwenyewe, hutoka kwa bakteria na humfikia kupitia anavyokula.

Sumu hupanda msimu wa kutaga, jike akiwa amejaa mayai. Miezi mingine si kwamba yuko salama. Huko Japani, anakoitwa fugu, huliwa zaidi wakati wa baridi, kabla ya msimu huo, na mpishi lazima awe na kibali. Hata hivyo, mwaka 1975 mwigizaji maarufu Bando Mitsugoro VIII alifariki Kyoto baada ya kula sahani 4 za ini la fugu.

Na usidanganyike na moto: kuchemsha au kukaanga hakuiondoi. Dalili huanza na ganzi ya midomo na ulimi, kisha mwili unalegea na pumzi inakata, mara nyingi mgonjwa akiwa bado anajitambua. Dawa ya kuua sumu hiyo hakuna. Anayewahishwa hospitali husaidiwa kupumua kwa mashine mpaka sumu iishe mwilini.