Tundu la chini ya usukani

Fungua mlango wa dereva wa Hilux ya dizeli, uiname na kupapasa chini ya dashibodi. Mkono utagusa kipande cha plastiki chenye matundu 16, safu mbili za nane nane. Fundi huchomeka kifaa chake hapo, hufungua laputopu, na muda si mrefu anakutajia namba: P0087, P0335, P1229. Mafundi huziita kodi, utadhani gari nalo linadaiwa na TRA. Mwenye gari husimama pembeni kama aliyekwenda kupigiwa ramli.

Tundu lile halikuwekwa kwa ajili ya fundi, wala kwa ajili ya mwenye gari. Liliwekwa ili serikali ijue nani anachafua hewa, na asili yake ni moshi wa Los Angeles.

Julai 1943 jiji hilo la California lilifunikwa na ukungu mzito uliowasha macho. Kwa kuwa dunia ilikuwa vitani, wapo wakazi waliodhani Wajapani wamewarushia gesi ya sumu. Miaka ilipita kabla mchawi hajajulikana. Aliyemfichua alikuwa Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha katika chuo cha Caltech, mtu ambaye kabla ya hapo alikuwa akichunguza harufu ya nanasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha kwamba moshi wa magari na wa viwanda vya kusafishia mafuta, ukipigwa na jua, hugeuka kuwa ukungu uleule. Wenye viwanda walimpinga sana. Mwaka 1967 California iliunda bodi ya kusimamia hewa, na mwenyekiti wake wa kwanza akawa yeye, mtu wa mananasi.

Sheria zikaanza kubana. Mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria kali ya hewa safi, na kufikia 1975 magari mengi mapya ya huko yalikuwa na masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, haya haya ambayo wezi wa mjini wanayang'oa usiku. Masega hayafanyi kazi vizuri mpaka mchanganyiko wa petroli na hewa uwe sawasawa, na kabureta ya kawaida haikuweza kuushika mchanganyiko huo kila wakati. Ndipo kompyuta ilipoingia kwenye injini. Na kompyuta ikishaingia, lazima kuwe na njia ya kuiuliza inaumwa nini.

Volkswagen walishajaribu mapema: Beetle za mwaka 1972 zilikuwa na tundu la kupimia kwenye injini, gari likaunganishwa kwa waya na mashine iliyokaa gereji. Miaka ya mwanzo ya 1980 General Motors wakaja na njia rahisi zaidi. Unaunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya, taa ya injini inawaka na kuzima, nawe unahesabu. Toyota nao wakafanya hivyo. Fundi yeyote wa Kariakoo au Grogan aliyeshika magari ya Kijapani ya miaka ya 1990 anajua kuunganisha TE1 na E1. Taa ikipepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa tena mara mbili, hiyo ni 22, na unatafuta kwenye kijitabu 22 ni nini. Ilikuwa kazi ya macho na subira, lakini haikuhitaji laputopu.

California ilipolazimisha magari ya kuanzia mwaka 1988 yajichunguze yenyewe, kila kampuni ilijitengenezea tundu lake na lugha yake. Gereji iliyohudumia aina kumi za magari ilihitaji mashine kumi. Vurugu hiyo ilikwisha kwa magari ya mwaka 1996, pale Marekani nzima ilipotaka tundu la umbo moja, mahali pamoja karibu na usukani, na namba za makosa zinazofanana. Ulaya ilifuata mwaka 2001 kwa petroli. Dizeli ilisubiri hadi 2004.

Kwa nini dizeli ilichelewa? Kwa sababu kwa muda mrefu haikuwa na cha kuulizwa. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na pampu iliyozungushwa na injini yenyewe ndiyo iliyopima kiasi na wakati wa kuyapeleka. Wenye Hilux za injini ya 2L na 3L wanakumbuka: ukiwa na betri ya kuzungusha stata na dizeli kwenye tangi, umeshaondoka. Fundi aligundua ugonjwa kwa rangi ya moshi, kwa mlio, na kwa kulegeza nati za mabomba ya nozeli moja baada ya nyingine huku injini ikiunguruma. Silinda ambayo ukiilegezea mlio haubadiliki, hiyo ndiyo mgonjwa. Sijaona kipimo cha bei nafuu kuliko hicho.

Usijaribu hivyo kwenye gari la kisasa. Mwaka 1995 kampuni ya Denso ya Japani ilifunga kwenye lori la Hino mfumo mpya. Pampu inasukuma dizeli ndani ya bomba moja nene, reli, na kila nozeli inachota humo kwa kufunguliwa na umeme, kwa amri ya kompyuta. Alfa Romeo waliuleta kwenye gari dogo mwaka 1997. Pikapu kubwa za Ford huko Marekani zilikuwa zimeshapata nozeli za kuamriwa na kompyuta mwaka 1994, ingawa zile zilisukumwa kwa oili ya injini. Hilux mpya ilipotoka mwaka 2004 ikiwa na injini za 2KD na 1KD, reli ikawa imefika mpaka shambani. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa kama megapaskali 0.2. Reli ya injini hizi hushika karibu 30 gari likiwa linaunguruma tu, na likikazana hupita 100. Ukilegeza nati hapo, dizeli inapenya ngozi kama sindano.

Kwa hiyo fundi wa dizeli alinyang'anywa spana yake na kuelekezwa kwenye lile tundu. Programu ya Toyota yenyewe, Techstream, inamwonyesha shinikizo la reli likipanda na kushuka, inamwonyesha kompyuta inaipunguzia au kuiongezea silinda ipi mafuta ili mlio utulie, na inamruhusu kuingiza mfululizo wa herufi na tarakimu ulioandikwa kwenye nozeli mpya. Mafundi wengi wa kwetu hawakuanza na hiyo. Walianza na kidude cha kutosha kiganjani kinachozungumza na simu, ndani yake mkiwa na chipu iitwayo ELM327, iliyobuniwa na kampuni ndogo ya Kanada, Elm Electronics. Toleo lake la kwanza halikufungiwa lisinakiliwe, na wanakili hawakuchelewa. Nakala nyingi zinazouzwa hujitaja kuwa toleo la 1.5, toleo ambalo Elm wenyewe hawajawahi kulitoa. Kampuni hiyo ilifunga shughuli mwaka 2022. Nakala zake bado zipo madukani.

Na kompyuta inaweza kufundishwa uongo. Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba Volkswagen waliweka kwenye magari yao ya dizeli programu iliyotambua gari linapopimwa, likajikaza liwe safi, na likitoka barabarani likarudia uchafu wake. Walionusa jambo hilo mwanzo ni watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, waliofunga mitambo nyuma ya magari na kuyaendesha barabarani. Magari milioni 11 duniani yalikuwa na programu ile. Tundu la chini ya usukani halikusema neno.

Nayasema haya kwa sababu ya Hilux ya kaka yangu. Ilianza kukosa nguvu kwenye mlima Kitonga, ikiwa na mzigo, taa ya injini ikawaka. Gereji ya kwanza walichomeka kidude na kusoma P0087. "Bosi, mashine imesema nozeli," fundi akamwambia. Zikanunuliwa nne, bei yake nisiitaje. Safari iliyofuata, palepale Kitonga, taa ikawaka tena.

Mashine haikusema nozeli. P0087 maana yake shinikizo la reli liko chini kuliko lilivyotakiwa, basi. Linaweza kushushwa na nozeli zinazovuja, na pampu iliyochoka, na vali inayopima mafuta ya kuingia kwenye pampu, na bomba linalovuta hewa, na filta iliyoziba. Fundi wa pili, mzee wa miaka ya pampu za zamani, hakuifuta namba ile. Aliliacha gari likiunguruma, akatazama reli kwenye laputopu, kisha akamwambia kijana wake akanyage mafuta. Shinikizo lililotakiwa lilipanda, lililopatikana likabaki nyuma. Alifungua filta. Yalitoka maji na tope.

Dizeli yetu ina historia yake ya kuchafuliwa. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati Tanzania, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu watu walikuwa wakiichanganya na mafuta ya taa, ambayo hayailainishi pampu ipasavyo. Pampu za zamani zilivumilia mengi. Reli haivumilii.

Basi fundi akikutajia namba, usitoe pesa kwanza. Mwambie akuonyeshe shinikizo la reli gari likiwa limewashwa, na muulize filta ilibadilishwa lini. Nozeli za zamani za kaka yangu ziko stoo, zimefungwa kwenye gazeti. Tulipozipeleka kupimwa, zote nne zilikuwa nzima.