Uburezi na Uburere: Nani Amemlea Mtoto wa Rwanda?

Siku chache kabla shule hazijafunguliwa, vinyozi wa Nyamirambo hapa Kigali hawapati hata nafasi ya kukaa. Akina mama wanasubiri zamu na watoto wao, wasichana kwa wavulana, na mashine inapita kichwani mpaka nywele zinabaki fupi karibu na ngozi. Msichana aliyesukwa wakati wa likizo anaokota msuko mmoja sakafuni, anautazama, kisha anautia mfukoni. Mgeni kutoka Dar es Salaam hataona ajabu, maana shule za serikali za kwao nazo hufanya hivyo. Wa Nairobi atauliza sababu. Akiuliza, jibu atakalopewa ni neno moja: uburere.

Kinyarwanda kina maneno mawili yaliyozaliwa na kitenzi kurera, ndugu wa kulea kwetu. Uburezi ni elimu ya darasani, ile yenye mitihani na vyeti. Uburere ni malezi: heshima, kujizuia, kujua lisilofaa kusemwa na mahali lisipofaa kusemwa. Kwa hiyo Wizara ya Elimu, inayoitwa Minisiteri y'Uburezi, kwa asili ya neno ni wizara ya ulezi. Methali yao husema uburere buruta ubuvuke, malezi hupita kuzaliwa. Anayetaka kuelewa fikra za kihafidhina juu ya shule nchini Rwanda aanzie hapo. Kwa zaidi ya karne moja, karibu kila mwenye mamlaka katika nchi hii amesema kwamba shule isiyolea haifai. Ugomvi umekuwa juu ya mlezi.

Kabla ya shule ya ubao na chaki kulikuwa na itorero. Vijana waliotolewa kwa wazazi wao walipelekwa kwenye ua wa mfalme au wa chifu, wakakaa huko muda mrefu. Walijifunza kurusha mshale na mkuki, kuruka juu, kucheza ngoma ya guhamiriza kwa mstari ulionyooka, na kutunga ibyivugo, majigambo ambayo kijana hujitaja kwa matendo yake mbele ya wenzake. Mwaka 1907 mwanamfalme wa Kijerumani Adolf Friedrich wa Mecklenburg alifika Nyanza, kwenye makao ya mfalme, na msafara wake, na picha zilizopigwa huko za vijana wakiruka kupita urefu wa mtu aliyesimama zilizunguka Ulaya yote. Wazungu walistaajabia miguu. Kilichokuwa kigumu zaidi kujifunza hakikuonekana kwenye picha, nacho ni kuimiliki nafsi. Intore, yaani kijana wa itorero, aliyeonyesha hasira usoni alikuwa hajaiva. Wasichana nao walikuwa na urubohero, walikokutana kusuka mikeka na vikapu huku wakifundwa na wakubwa mambo ya ndoa na nyumba, kazi ambayo pwani yetu ilikuwa ya somo na kungwi.

Wengi leo huzungumzia itorero kwa shauku, nami naielewa shauku hiyo. Lakini tusilipambe kuliko lilivyokuwa. Lilifundisha ushujaa na adabu, na pia lilifundisha kumtumikia mkubwa. Mtoto aliyeingia huko alikuwa mtu wa chifu yule kuanzia siku ile, na jeshi la chifu lilijengwa kwa vijana kama yeye. Mzazi alitoa, hakuchagua mtaala.

Mapadri Weupe walipofika Save mwezi Februari mwaka 1900 wakiongozwa na Askofu Jean-Joseph Hirth, wahafidhina wa nchi walikuwa ikulu. Mfalme Yuhi V Musinga na mama yake Kanjogera waliwaweka wageni mbali na Nyanza, na machifu waliotakiwa kupeleka watoto kwenye misheni mara nyingi walipeleka watoto wa watu wao wa chini, wakawaficha wa kwao. Walihofu kwamba shule ya padri ingemgeuza mtoto awe mtu wa padri, na hawakukosea. Itorero lilikuwa likifanya hivyohivyo, kwa hiyo walijua vizuri shule inaweza kumfanya nini mtoto.

Hapa lugha yetu inaingia kwenye hadithi kwa namna ambayo wasomaji wengi wa Kiswahili hawaijui. Richard Kandt alipoanzisha makao ya Wajerumani Kigali mwaka 1907, walikuja askari, wapagazi na wafanyabiashara kutoka pwani, Tabora na Ujiji, nao wakaja na Kiswahili. Serikali ya Kijerumani ilikitumia katika ofisi na katika shule zake, kama ilivyofanya kote Afrika Mashariki yake. Musinga alikikubali. Alijifunza kukisoma na kukiandika, na shule isiyo ya misheni hapo Nyanza ilimfaa, maana iliwapa vijana wa ikulu kalamu bila ubatizo. Mapadri ndio waliokikataa. Kwao Kiswahili kilikuwa mlango wa Uislamu, na mtoto wa Rwanda alistahili kulelewa kwa Kinyarwanda na katekisimu. Basi palikuwa na wahafidhina wa aina mbili uso kwa uso: ikulu iliyotumia lugha ya pwani ili kulinda mila, na Kanisa lililotumia lugha ya nyumbani ili kuzibadili.

Kanisa likashinda. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wabelgiji walichukua nchi, itorero likafifishwa katika miaka ya 1920, sherehe ya mavuno ya umuganura ikakomeshwa mwaka 1925, na shule karibu zote zikawa za misheni zenye ruzuku ya serikali. Mwaka 1931 Musinga, aliyekataa ubatizo mpaka mwisho, aliondolewa kwenye kiti cha ufalme. Mwanawe Mutara III Rudahigwa akabatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi chini ya Kristo Mfalme.

Waliobaki nje walikuwa watu wa Biryogo. Waislamu wa Kigali walitengewa kambi yao hapo, na neno umuswahili likaanza kubeba maana ya mjanja asiyeaminika, maana ambayo haijafutika. Mzazi wa Kiislamu aliyetaka mwanawe asome alikuwa na njia nyembamba: shule ya misheni, pamoja na mafundisho yake ya dini na hofu ya mtoto kurudi na jina jingine. Wengi walimzuia mtoto nyumbani. Watoto hao wakawa madereva, mafundi cherehani, mafundi magari na wachuuzi, na mtaa ukajengwa kwa mikono yao. Sioni ujinga katika uamuzi ule. Wazazi wale walilipa bei kubwa kwa kusema kwamba malezi ya mtoto hayauzwi kwa darasa, na vizazi viwili vilivyofuata viliendelea kulilipa deni hilo.

Tusije tukadhani kwamba shule ya maadili ilikuwa shule ya haki. Shule kubwa ya Ndugu wa Upendo kule Astrida, Butare ya baadaye, iliyofunguliwa miaka ya mwanzo ya 1930, ililea makarani na machifu wa kesho, na kwa sehemu kubwa iliwachukua Watutsi, katika miaka ileile Wabelgiji walipokuwa wakiandika kabila kwenye vitambulisho. Uhuru ulipokuja mwaka 1962, mizani iligeuzwa upande wa pili, lakini ilibaki mizani ileile. Chini ya Rais Juvénal Habyarimana ilikuwa na jina, iringaniza: nafasi za sekondari ziligawanywa kwa kabila na mkoa. Mwalimu aliwaambia watoto wasimame, Wahutu kwanza, kisha Watutsi, ahesabu. Wapo waliojua kabila lao siku hiyo, wakiwa wamesimama kando ya dawati. Na hii ilikuwa nchi ya misa kila Jumapili, ambayo Askofu Mkuu wake wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikaa kwa miaka katika kamati kuu ya chama tawala cha MRND. Somo la dini lilikuwa kwenye ratiba. Adabu ilikuwepo, sare zilikuwa safi.

Mageuzi ya mwisho wa miaka ya 1970 nayo yalisemwa kwa lugha ya maadili. Shule ya msingi ikawa ya miaka 8, ikifundisha kwa Kinyarwanda, na waliokosa sekondari wakapelekwa kwenye vituo vya CERAI kujifunza kilimo na ufundi. Msomaji wa Tanzania atakumbuka Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Wazazi wa Rwanda hawakudanganyika: waliona mlango wa sekondari umefungwa na jembe limewekwa mbele yake. Mwaka 1991 nchi ilirudi kwenye miaka 6.

Mtu wa kwanza kuivunja iringaniza alikuwa mwalimu wa kemia. Agathe Uwilingiyimana, aliyesoma kwa masista wa Notre Dame de Cîteaux hapa Kigali, aliteuliwa waziri wa elimu ya msingi na sekondari mwaka 1992, akaamuru nafasi zitolewe kwa alama za mtihani. Alivamiwa nyumbani kwake kwa ajili hiyo. Mwaka 1993 akawa waziri mkuu, na asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, alikuwa miongoni mwa waliouawa kwanza. Mimi humhesabu kuwa mhafidhina kwa maana iliyo bora ya neno. Alishika jambo moja la zamani kabisa, kwamba mtoto hupimwa kwa alichofanya, na hakuliachia.

Baada ya 1994 somo la historia lilisimamishwa shuleni kwa miaka, kwa kuwa vitabu vilivyokuwepo vilikuwa vimesaidia kuandaa maafa. Kisha, usiku wa tarehe 18 Machi 1997, washambuliaji waliingia shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa nchi. Wanafunzi walikuwa darasani wakijisomea baada ya chakula cha jioni. Waliamriwa wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wakakataa. Walijibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Wakapigwa risasi na kurushiwa mabomu ya mkono; kadhaa wakafa, wengine wengi wakajeruhiwa.

Mara nyingi nimejiuliza nani aliwafundisha vile. Miaka mitatu nyuma, kwenye kijiji hichohicho, kanisa la Nyange lilibomolewa kwa tingatinga juu ya watu waliokimbilia ndani, na padri wa parokia, Athanase Seromba, alihukumiwa kwa hilo na mahakama ya kimataifa ya Arusha. Mtaala mpya ulikuwa bado haujaandikwa. Itorero la sasa lilikuwa bado halijarudishwa. Vijana wale walitoka kwenye nyumba mbalimbali, wengine mayatima, na waliishi bweni moja. Walikula pamoja, wakalala pamoja. Taifa limewaweka katika daraja la mashujaa liitwalo Imena, pamoja na Rudahigwa na Uwilingiyimana, na hukumbukwa kila tarehe 1 Februari.

Serikali ya sasa imeurudisha uburere kwa nguvu. Itorero lilifufuliwa mwaka 2007, na wahitimu wa sekondari hufundishwa humo indangagaciro, yaani tunu za taifa, pamoja na kirazira, miiko. Lugha imekwenda njia nyingine: Kiingereza kiliamuliwa kuwa lugha ya kufundishia mwaka 2008, na Kiswahili, kile kilichokataliwa na mapadri, kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017. Mtaala ulioanza mwaka 2016 umeweka elimu ya amani na tunu ndani ya masomo yote, na pembeni yake elimu ya afya ya uzazi. Hapo ndipo ugomvi wa leo ulipo. Kanisa Katoliki, ambalo bado ni mmiliki wa shule nyingi zinazolipiwa walimu na serikali, halikubali vidhibiti mimba kuingia shuleni kwake, na viongozi wa Kiislamu husimama karibu nalo katika hili. Uganda iliyapitia hayohayo, na mwongozo wake wa elimu ya ujinsia wa mwaka 2018 ulipingwa na maaskofu.

Mwaka 2022 wabunge hapa Kigali waliukataa muswada wa kumruhusu kijana wa miaka 15 kupata vidhibiti mimba bila ruhusa ya mzazi. Mwaka 2025 sheria ya huduma za afya ilipitishwa ikiwa na ruhusa hiyo. Watetezi wake walitaja mimba za wasichana wadogo, nazo ni kweli, zinawatoa watoto shule. Wapinzani walisema mzazi anaondolewa kwenye malezi, na hilo pia ni kweli. Ninachowalaumu wapinzani ni kuchelewa. Urubohero ulipokufa, hakuna aliyeujengea mrithi nyumbani, na mama wengi tuliziachia shule mazungumzo ambayo sisi wenyewe tuliona haya kuyaanza.

Ikulu ilimchukua mtoto, misheni ikamchukua, chama kikamchukua, kila mmoja kwa jina la maadili, na mzazi akaulizwa mwisho au hakuulizwa kabisa. Ndiyo maana barua za Mapadri Weupe zimehifadhiwa na taarifa za Wabelgiji zina makabati yake, lakini sauti ya mama wa Biryogo aliyemzuia mwanawe asiende misheni haipo popote. Kama nyumbani kwako kuna daftari la shule la kabla ya 1962, cheti, picha ya darasa, au bibi anayekumbuka urubohero, usiache kumbukumbu hizo zipotee. Andika jina, mahali na mwaka nyuma ya picha, na umketishe bibi umsikilize wiki hii.